Pingi ya 8972 inapita, nikiingia VLAN inakufa kuanzia 8969. Ni draiva, ni swichi au ni memori?

Fundi_Mbezi (mleta mada), Jumatatu saa 2:40 usiku

Wakuu, kwema?

Nina seva mbili ofisini. A ni kongwe, inatunza mafaili ya watu wote. B ni mpya, kazi yake ni kuvuta bakapu usiku kwa NFS (njia ya kusoma mafaili ya mashine nyingine kupitia mtandao). Kadi zote mbili ni za gigabiti, mashine zote ni Linux, katikati kuna swichi moja ambayo kwenye menyu yake jumbo (fremu, yaani vifurushi vya data, vikubwa kuliko kawaida) imewashwa. Kabla sijakabidhi nataka niwe na uhakika kwamba draiva za kadi hizi zinabeba fremu kubwa kweli, siyo kwenye karatasi tu.

Nimeweka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti, kwa baiti) ya 9000 pande zote. Amri imekubaliwa bila neno, na `ip -d link show` inaonyesha maxmtu zaidi ya 9000 kwa kadi zote mbili. Nikapima:

`ping -M do -s 8972 10.0.0.2`

Inapita, 100 kwa 100. Nikahamia VLAN 30 (mtandao uliotengwa kwa lebo ndani ya waya uleule) ambako bakapu itakaa, kadi zilezile, MTU ileile ya 9000. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. SSH inaingia, amri fupi zinajibu, lakini `ls` kwenye folda yenye mafaili elfu nne inaganda mpaka niue dirisha. Nikaanza kushuka baiti moja moja: 8972 kimya, 8971 kimya, 8970 kimya, 8969 kimya, 8968 inapita.

Baiti nne tu! Tatizo liko wapi? Naomba nondo.

---

karanga_za_moto, saa 2:51 usiku

Nimekaa siti ya mbele. Endeleeni.

---

Mzee_wa_Swichi, saa 3:05 usiku

Swichi hiyo, usihangaike na kadi. Tatizo la hii kazi ni kwamba "9000" ya huyu siyo "9000" ya yule. Kwenye Cisco IOS ya kawaida, MTU ya poti haihesabu kichwa cha Ethaneti. IOS XR inahesabu. Juniper nao kwenye poti yenyewe wanahesabu, ndiyo maana kwao namba ya kuanzia ni 1514 na siyo 1500. Ukienda Windows, kwenye sifa za kadi ya Intel utakuta imeandikwa 9014, na ni kitu kilekile ambacho Linux inakiita 9000. Sasa wewe umebofya "jumbo: ndiyo" kwenye menyu, unajuaje swichi yako imehesabu nini?

Iweke 9216 ukalale. Swichi haipotezi chochote kwa kuwa na nafasi ya ziada.

---

Kariakoo_Bits, saa 3:11 usiku

Kadi yako feki mkuu. 9000 ni kiwango cha IEEE (wanaoweka viwango vya Ethaneti), kadi halali lazima ifuate.

---

bint_chwaka, saa 3:30 usiku

Kariakoo_Bits hapo umechapia. IEEE 802.3 haijawahi kuweka 9000 kwenye kiwango chake. Mzigo wa kawaida ulibaki 1500. Mwaka 1998 fremu iliongezwa kutoka 1518 hadi 1522 ili lebo ya VLAN ipate pa kukaa, na 2006 wakaja na 802.3as iliyofikisha fremu nzima 2000, basi. Hiyo 9000 ilisukumwa na kampuni ya Alteon mwishoni mwa miaka ya 1990 na wengine wakaifuata. Ilikuwa na mantiki: kipande cha NFS cha 8192 kinaingia chote kwenye fremu moja pamoja na vichwa vyake, na ile CRC (namba ya uhakiki mwishoni mwa fremu) ya biti 32 inabaki na nguvu yake ya kugundua makosa hadi karibu baiti 11,450. Kwa kuwa hakuna kiwango, kila mtengenezaji amechora mstari wake, na kila mwandishi wa draiva naye wake.

Mleta mada, fanya hesabu ya namba zako:

8972 + 8 za ICMP + 20 za IP = 9000
9000 + 14 za Ethaneti + 4 za CRC = 9018
ukiongeza lebo ya VLAN, 9022

Ya 8968 yenye lebo inatoka 9018 kamili. Kwa hiyo kuna mahali kwenye njia yako pana kikomo cha 9018 na hapakumbuki lebo. Swichi inawezekana. Lakini kama swichi ingekuwa inahesabu vichwa ndani ya 9000, hata ile pingi ya kwanza isiyo na lebo ingekufa. Mimi nashuku draiva.

Na jamani, ni MTU wa 9000. Tangu lini mtu akawa kwenye ngeli ya I-ZI?

---

Fundi_Mbezi, saa 3:34 usiku

Hahaha, MTU wa 9000, nimekubali. Hesabu nimeielewa, ahsante.

---

keneli_na_kahawa, saa 4:02 usiku

Naungana na bint_chwaka, na niongeze kwa nini "amri imekubaliwa" haithibitishi kitu.

Zamani kwenye Linux kila draiva ilikuwa na kipande chake cha kukagua MTU. Wengine walikagua vizuri, wengine walikopi kwa jirani. Kuanzia keneli (kiini cha Linux) 4.10 ukaguzi ulihamishiwa katikati: draiva inatangaza min_mtu na max_mtu, keneli inasimamia. Ukivuka unajibiwa `Error: mtu greater than device maximum`. Ni maendeleo mazuri sana, ila tuelewane: maxmtu unayoiona ni ahadi ya aliyeandika draiva. Hakuna aliyeenda kupima kadi yako. Angalia draiva ya r8169 mle ndani, ina vikomo vya karibu K (kilobaiti) 4, 6, 7 na 9 kutegemea toleo la chipu, na kwenye boksi chipu hizo karibu zote zina jina moja.

Sasa kosa lenyewe linazaliwa hivi. Draiva ikipokea MTU mpya inapiga hesabu ya fremu kubwa kuliko zote: MTU + 14 + 4. Inaandika jibu kwenye rejista ya kadi, na kadi inatupa chochote kinachozidi. Mwandishi akisahau kuongeza 4 za VLAN, fremu zisizo na lebo zinapita zote na zenye lebo zinapoteza nne za mwisho. Wakati VLAN inaingia, draiva nyingi za 1500 zilikuwa na kasoro hiyohiyo, watu walibandika viraka moja baada ya nyingine.

Fanya haya kwa mpangilio huu:

1. Toa swichi. Waya moja kutoka A kwenda B.
2. Usiamini pingi peke yake. Jibu la pingi lina ukubwa uleule wa swali, kwa hiyo ikikaa kimya hujui kama swali ndilo limepotea au jibu. Washa tcpdump upande wa pili uone nani kapokea.
3. Kabla na baada, chukua `ethtool -S` za pande zote. Tafuta kaunta zenye long, over, au length.

---

Pwani_NOC, saa 4:20 usiku

Salamu kutoka Mombasa. Hiyo namba mbili ya keneli_na_kahawa ilinichukua siku nzima mwaka jana. Nililaumu mashine ya kulia kumbe ya kushoto ndiyo ilikuwa haipokei. Ukitaka kupima upande mmoja tu, tumia iperf3 kwa UDP: `iperf3 -u -l 8972`. UDP nayo kichwa chake ni baiti 8 kama ICMP, kwa hiyo namba ni ileile. Halafu geuza kwa `-R`.

Tofautisha pia aina mbili za kushindwa. Ukipata `local error: message too long`, hiyo ni keneli yako mwenyewe imekataa, pakiti haijatoka nje. Ukipata kimya, imetoka na kuna aliyeimeza. Ya pili ndiyo mbaya, kwa sababu swichi na kadi zikitupa fremu hazimwambii mtu. ICMP ya "punguza ukubwa" inatoka kwa ruta, na hapo huna ruta.

---

Dodoma_IT, saa 4:41 usiku

Samahani naingilia. Mimi nimewasha tcpdump kwenye seva yangu ya MTU 1500 na nikaona pakiti ya baiti zaidi ya 60,000 ikitoka! Ina maana kadi yangu inabeba jumbo bila kuwekwa?

---

bint_chwaka, saa 4:49 usiku

Hapana kaka. Hiyo ni TSO. Keneli inaikabidhi kadi furushi kubwa hadi karibu K 64, kadi ndiyo inalikatakata kuwa vipande vya 1500 kabla ya kugusa waya. tcpdump imesimama kabla ya kisu. Upande wa kupokea kuna GRO inayofanya kinyume, inashona vipande. Ukitaka kuona kinachopita kwenye waya kweli, zima vyote: `ethtool -K eth0 tso off gso off gro off lro off`. Ukipima ukubwa wa fremu bila kuzima hivi, unapima kadi na keneli kwa pamoja na hujui nani kakosea.

---

Dodoma_IT, saa 4:52 usiku

Nimeelewa dada, ahsante. Nilikuwa tayari nimeshamwambia bosi.

---

Mzee_wa_Swichi, saa 4:55 usiku

@Dodoma_IT kesho mapema mwahi bosi kabla hajawaambia wengine 😀

---

Fundi_Mbezi, Jumanne saa 1:15 usiku

Mrejesho.

Nimebaki ofisini baada ya watu kuondoka. Nimevuta waya mmoja wa Cat6 kutoka A hadi B, swichi nimeiacha pembeni. Nimezima TSO, GSO na GRO pande zote. VLAN 30 ileile.

Kutoka A nimetuma pingi 20 za 8972. tcpdump kwenye B: maswali 20 yamefika, na B imetoa majibu 20. tcpdump kwenye A: hakuna jibu hata moja. Nimeangalia `ethtool -S` ya A, rx_long_length_errors ilikuwa 431, baada ya pingi ikawa 451.

Ishirini kwa ishirini. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikuamini, kila mara zinaongezeka 20. Kumbe A inatuma fremu ya 9022 bila shida, ila ikirudishiwa ya ukubwa huohuo inaikataa mlangoni.

---

keneli_na_kahawa, saa 1:28 usiku

Umefanya kazi safi. Draiva ya A ndiyo. Wakati wa kutuma haikagui, wakati wa kupokea kikomo ni 9018. Hii hali ya kutuma zaidi ya unachoweza kupokea ni ya kawaida, ndiyo maana wengine hutenganisha MTU na MRU (kikomo cha kupokea).

Tiba ya haraka: kadi mama ipe MTU wa 9004, VLAN juu yake ibaki 9000. Draiva itapiga 9004 + 18 = 9022 na lebo itapata kiti.

---

Mzee_wa_Swichi, saa 1:40 usiku

Nakubali kwa A. Ila sijaitoa swichi mahakamani. Umeipima? Umeitoa tu kwenye njia. Rudisha swichi, halafu pima tena, halafu angalia kaunta ya giants (fremu zilizozidi kikomo) kwenye poti zote mbili.

---

Fundi_Mbezi, saa 2:05 usiku

9004 imefanya kazi! 8972 inapita kwenye VLAN, kwa waya na kwa swichi pia. Giants kwenye swichi ni sifuri. iperf3 ya TCP ilikuwa 941 Mbps kwa MTU wa 1500, sasa ni 990. Nawashukuru sana wote.

---

Kinu_cha_Mtandao, saa 2:30 usiku

941 kwenda 990 ndiyo hesabu inavyosema. Kwa 1500, kila baiti 1538 za waya zinabeba 1448 za data, yaani asilimia 94. Kwa 9000 ni 8948 kwa 9038, asilimia 99. Umepata asilimia tano na siku mbili za kutolala. Ndugu yangu, rudi 1500. Enzi za kadi zisizo na TSO na GRO jumbo ilikuwa inaokoa prosesa, fremu 81,000 kwa sekunde zinashuka hadi chini ya 14,000. Leo kukata na kushona kunafanywa kwa jumla, faida imebaki ndogo, na hatari zote ziko palepale.

---

keneli_na_kahawa, saa 2:44 usiku

Sikubaliani kabisa. Kwenye gigabiti sawa, faida ni ndogo. Panda kwenye 25 au 100 uniambie. Na kuna draiva ambazo ukiweka MTU zaidi ya 1500 zinazima TSO na hesabu ya uhakiki zenyewe, kwa sababu chipu haiwezi kuzifanya kwenye fremu kubwa. r8169 inafanya hivyo kwa matoleo mengi. Kwa hiyo kila ukibadilisha MTU angalia tena `ethtool -k`, usije ukalinganisha vitu viwili tofauti ukadhani ni kimoja.

---

jirani_wa_Kigamboni, saa 2:58 usiku

Wakuu, mimi nina fiba nyumbani. Nikiweka 9000 kwenye ruta mechi zitaacha kukwama?

---

Pwani_NOC, saa 3:06 usiku

Hapana boss, utajifungia nje. Njia ya intaneti ni 1500, na kama unaingia kwa PPPoE ni 1492 kwa sababu PPPoE inakula 8. Kuna watoa huduma wanaokubali 1508 chini ili 1500 ipite juu, iko kwenye RFC 4638, lakini 9000 kwenye laini ya nyumbani sahau. Ukitumia VPN ya WireGuard inashuka zaidi, chaguo lake la kuanzia ni 1420. Kwenye wingu ni hadithi nyingine: AWS wanatoa 9001 ndani ya mtandao wao, Google kwao mtandao huo (VPC) unaanza na 1460. Kila mtu na MTU wake.

---

Kariakoo_Bits, saa 3:15 usiku

Hili neno jumbo si letu? Jambo, jumbo. Tungekuwa tunalipwa.

---

bint_chwaka, saa 3:27 usiku

Limepitia kwa tembo. Jumbo alikuwa tembo wa Afrika aliyefugwa London tangu 1865, akauzwa kwa P. T. Barnum, mwenye sarakasi wa Marekani, mwaka 1882, akagongwa na treni akafa huko Ontario, Kanada, 1885. Umaarufu wake ndio uliolifanya jina liwe na maana ya kitu kikubwa. Nani alimpa jina na kwa nini, wanabishana hadi leo: wapo wanaosema jambo, wapo wanaosema jumbe, wengine wanataja neno la Kikongo. Mimi napendelea jumbe, ila sina hati.

---

Mzee_wa_Swichi, saa 3:31 usiku

Jumbe amekufa kwa treni na hapa fremu zake zinakufa kwenye kadi. Turudini kwenye mada.

---

salama_kwanza, saa 3:50 usiku

Niseme kitu ambacho naona mmepita pembeni yake. Mnapima mpaka kikomo. Je, mnapima *kupita* kikomo? Draiva yenye MTU wa 1500 ikipokea fremu ya 4000 inafanya nini?

Mwaka 2011 kulikuwa na kasoro kwenye draiva ya e1000 ya Linux. Fremu ndefu kuliko bafa (nafasi ya memori ya kupokelea) ilikuwa inagawanywa kwenye bafa kadhaa. Draiva ilitupa kipande cha kwanza, lakini kipande cha mwisho ikakiona kama pakiti mpya inayojitegemea. Fikirieni maana yake: mshambuliaji anaficha pakiti kamili mkiani mwa fremu kubwa, fayawoli inakagua kichwa cha nje na kuona ni salama, kadi inakata, na kile cha ndani kinaingia kana kwamba kimekuja chenyewe.

---

keneli_na_kahawa, saa 4:01 usiku

Ni 2009 mkuu, siyo 2011. Kwenye orodha ya kasoro za usalama ni CVE-2009-4536 kwa e1000, 4538 kwa e1000e, na 4537 ilikuwa ya r8169 kwa jambo la karibu na hilo. Ilielezwa kwenye mkutano wa 26C3 Berlin, Desemba 2009. Mengine yote uliyosema ni sahihi na ni muhimu kuliko asilimia tano za Kinu_cha_Mtandao.

---

salama_kwanza, saa 4:04 usiku

Sawa, 2009. Nimerekebishwa.

---

Pwani_NOC, saa 4:22 usiku

Mimi kipimo hicho nakifanya hivi. Mashine ya kutuma naiweka kwenye MTU mkubwa kabisa inaoukubali, ya kupokea naiacha 1500. Lazima iwe hivyo, ukiacha zote 1500 keneli ya mtumaji itakukatalia. Kisha natuma fremu ghafi kwa Scapy (programu ya kutunga pakiti), ukubwa mmoja mmoja, na sichagui ovyo. Makosa yanaishi kwenye mipaka: 1514 hadi 1523, halafu pembezoni mwa 2048, 4096 na 8192 kwa sababu bafa hukatwa hapo, halafu kikomo chenyewe, halafu juu yake. Nashuka chini pia. Fremu fupi kuliko 60 inatakiwa ijazwe sifuri, na 2003 iligundulika draiva nyingi zilikuwa zinajazia mabaki ya memori, data za watu zinatoka nje kidogo kidogo. Wakaliita Etherleak.

Jambo moja lingine, kufika peke yake hakutoshi. Tuma faili kubwa, piga `sha256sum` pande zote mbili. Niliwahi kuona kadi ya bei rahisi ambayo kwenye fremu za zaidi ya K 4 ilikuwa inaleta ukubwa sahihi na baiti za mwisho zimeharibika. Pingi zilipita siku nzima.

---

karanga_za_moto, saa 4:30 usiku

Uzi huu nauhifadhi. Karanga zimeisha.

---

Fundi_Mbezi, Ijumaa saa 11:50 alfajiri

Wakuu, nimerudi na si kwa heri.

Usiku wa kwanza bakapu ilikwenda vizuri. Wa pili vizuri. Usiku wa kuamkia leo, saa 9 na dakika kadhaa, NFS iliganda. Nimeingia A kwa skrini na kibodi chake kwa sababu SSH nayo ilikuwa inakokota. `dmesg` imejaa hii:

`page allocation failure: order:3`

rx_long_length_errors haijaongezeka hata moja. Pingi za 1472 zinapita zote, za 8972 zinapita moja kati ya nne au tano. Nimeshusha MTU hadi 1500 na kuipandisha tena 9004, ikapona palepale. Sasa nimechanganyikiwa, ni draiva ileile au ni ugonjwa mwingine?

---

keneli_na_kahawa, saa 1:20 asubuhi

Ugonjwa mwingine, mwili uleule. order:3 maana yake draiva imeomba kurasa nane za memori zilizofuatana, K 32 kwa mkupuo, ikakosa. Draiva za zamani zinataka fremu nzima ikae kwenye bafa moja: 9022 inapandishwa hadi K 16, ukiongeza maelezo ya keneli inavuka, inakuwa K 32. Mashine ikiwa mpya imewaka memori ni uwanja mtupu. Baada ya siku mbili za kusoma mafaili usiku kucha, memori ipo lakini imekatikakatika, hakuna nane zinazogusana. Ndiyo maana kipimo cha dakika kumi hakikuona kitu.

Ongeza `vm.min_free_kbytes` (memori inayowekwa akiba). Na tafuta kadi ambayo draiva yake inapokea fremu kwa vipande vya ukurasa mmoja mmoja.

---

mbwa_wa_FreeBSD, saa 1:45 asubuhi

Huku kwetu ugonjwa huo una jina. Draiva inayotumia bafa za K 9 inahitaji kurasa tatu zinazofuatana, na baada ya muda hazipatikani. `netstat -m` inakuonyesha maombi yaliyokataliwa, safu tatu: 4k/9k/16k. Ile ya kati ikianza kupanda jua umekwisha. Draiva nzuri zinatumia bafa za K 4, ukurasa mmoja, zinaziunga. Kuna wanaoweka MTU wa 4000 na kitu makusudi, ili fremu nzima iingie kwenye ukurasa, na wanalala.

---

Kinu_cha_Mtandao, saa 2:10 asubuhi

Nilisema 1500.

---

Mzee_wa_Swichi, saa 2:31 asubuhi

Mimi sijaridhika na memori peke yake. Kwa nini saa 9 usiku? Saa hiyo A inasukuma data kwa kasi yote. Swichi ndogo ina bafa ndogo, na jumbo moja inakula nafasi ya fremu sita. Angalia pause frames (fremu za kumwomba mtumaji asubiri) na drops (zilizotupwa) kwenye poti ya B saa hizo. `dmesg` inaweza kuwa inalia kwa sababu ya foleni iliyosababishwa kwingine.

---

bint_chwaka, saa 2:50 asubuhi

Mzee, kushusha MTU na kuupandisha kumeponya palepale, na swichi haikuguswa. Draiva ilitupa bafa zote ikaomba upya. Hiyo inaelekea kwenye memori.

Lakini kuna kitu kinanisumbua. Kama bakapu ni B inavuta kutoka A, mzigo mkubwa unatoka A, hauingii. A inapokea nini kikubwa hivyo saa 9 hadi ikose bafa za kupokelea? Fundi, kuna kazi nyingine inaandika kwenye A usiku?

---

Fundi_Mbezi, saa 3:05 asubuhi

Sijafikiria hilo. Kuna kamera za getini zinaandika kwenye A, ila ziko mtandao wa 1500. Usiku wa leo nimeongeza min_free_kbytes, na nimeweka skripti inayochukua `ethtool -S` na `/proc/buddyinfo` (vipande vya memori vilivyo wazi) kila dakika moja. Pause frames nitaziangalia pia, Mzee.

---

keneli_na_kahawa, saa 3:12 asubuhi

Kamera za 1500 zinatosha. Kadi haijui fremu ijayo itakuwa ndogo au kubwa, kwa hiyo kwa MTU wa 9004 kila fremu inayoingia, hata ya baiti 64, inapewa bafa ya K 32.

---

Tanga_Rack, saa 6:40 mchana

Nimesoma uzi wote asubuhi nikasema na mimi nipime kwangu. Seva mbili, VLAN moja, MTU wa 9000, draiva tofauti na za Fundi. Nimekuta baiti nne zilezile: 8968 inapita, 8969 kimya.

Nikaweka 9004 kwenye kadi mama, pande zote. Hakuna kilichobadilika. Nikaweka waya wa moja kwa moja, ikapita. Nikarudisha swichi, ikafa. tcpdump ya upande wa pili haioni hata swali. Kaunta ya giants kwenye poti ya swichi ilikuwa 112, nikatuma pingi 20, ikawa 132.

---

Mzee_wa_Swichi, saa 6:43 mchana

Leteni hiyo swichi mahakamani.